Mwiba wa tafi na waliokufa kidoleni mwangu

Ijumaa moja ya kaskazi, lile joto la Mombasa ambalo hata feni inakupulizia moto, Bibi alinunua tafi wanne kwa mchuuzi anayepita na baiskeli mtaani kwetu Kibokoni, na kwa vile dada anayemsaidia hakuja siku hiyo akaniita mimi. "Mume wangu," (ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, utani wa bibi na mjukuu huo, msianze maneno) "njoo unitumbulie samaki, mimi mikono yanitetemeka."

Sasa tafi kila mtu wa pwani anamjua. Nyama yake tamu, ukimchoma ukampaka tui zito na ukwaju ndio basi tena, lakini miba yake ina sumu, ya mgongoni na ya tumboni, na asiyejua kumshika atajua siku hiyohiyo. Mimi najua kumshika. Ila simu ikalia, nikageuka nusu kuangalia ni nani, na mwiba mmoja wa mgongoni ukazama kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, kwenye nyama ya ncha pale. Wallahi nilipiga ukelele jirani wa juu akachungulia dirishani.

Bibi hakusema neno. Akachukua bakuli, akamimina maji ya moto ya kwenye flaski, akayapoza kwa maji ya mfereji mpaka yakawa ya kuvumilika, akatia chumvi gao zima, kidole changu kikaingizwa humo kwa nguvu. Baada ya kama nusu saa hivi nikaanza kuongea kama mtu. Na hapa nampa Bibi maksi zote, kwa sababu sumu ya tafi ni protini na protini inaharibika kwa moto, kama vile ute wa yai ukiutia kwenye kikaango hauwi tena ute. Chumvi sina la kusema, lakini maji moto ndiyo hata madaktari wanayoyatumia kwa miba ya samaki wenye sumu.

Tatizo ni kwamba sumu ilitulia lakini kazi ndio kwanza ilikuwa inaanza.

Niseme kidogo mimi ni nani ili mjue kwa nini naandika haya marefu. Kazi yangu ni maabara, mwaka wa tisa huu, kliniki moja ndogo tu ya mtaani. Asubuhi mpaka jioni ni chupa za vifuniko vya zambarau, slaidi za malaria, mkojo, choo, na hemogramu, yaani hesabu ya seli za damu, moja baada ya nyingine. Seli nyeupe za damu nazihesabu kila siku ya Mungu, na nakiri kwamba nilikuwa nimezizoea mpaka zikawa namba tu kwenye karatasi. Wagonjwa wanauliza "damu yangu iko vipi?" nasema iko sawa, au imepanda kidogo muone daktari, kwisha. Ilibidi nichomwe na samaki ndio nikumbuke zile namba ni za nini.

Magharibi kidole kikawa kimefura, kinapiga pwi pwi pwi kama kina moyo wake. Vitabu tulivyosomea vinasema dalili ya kwanza ni wekundu. Wekundu gani jamani? Kwenye ngozi yangu kilikuwa cheusi kinachong'aa, rangi ya zambarau iliyoiva, na nadhani kuna watu wengi huku kwetu wanakosa kutambuliwa mapema kwa sababu mtu anatafuta wekundu kwenye ngozi ambayo haiwi nyekundu. Ukitaka kujua guza tu, joto halina rangi. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, karne ya kwanza huko, aliziandika dalili nne ambazo mpaka leo wanafunzi wanazikariri: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kiungo kushindwa kufanya kazi, na hiyo naithibitisha kwa sababu usiku huo nilishindwa kufunga kifungo cha shati.

Hiyo ndiyo wanaiita inflameshoni ya ghafla. Kwenye ngozi kuna seli zinaitwa masti, kazi yake ni kukaa zingoje, zimejaa vifuko vya histamini. Mwiba ukipita, vifuko vinapasuka, histamini inamwagika, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuta zake zinaachia nafasi. Damu nyingi inaingia, ndio joto na ndio rangi. Maji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama, ndio kufura. Na maumivu ni neva kubanwa na kuchokozwa na kemikali zilizomwagika hapo. Yote haya yanaanza kwa dakika, kabla hata askari mmoja hajafika.

Askari ndio hizi seli nyeupe, na wa kwanza kufika wanaitwa nyutrofili. Nyutrofili ndiyo nyingi kuliko seli nyeupe zote, kwa vitabu vingi kati ya asilimia 40 na 70. Zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, kama bilioni 100 kwa siku, kila siku, hata siku ambayo hujachomwa na kitu, na ikishaingia kwenye damu haizunguki muda mrefu, ni suala la saa tu mpaka siku moja hivi, basi imekwisha. Nilipokuwa chuo nikiona hizo bilioni nilidhani ni kukosea kuandika sifuri.

Na sasa damu inakwenda mbio, seli itatokaje humo ndani ifike kwenye kidole? Hili ndilo napenda kulieleza kuliko yote. Kaa stejini Buxton saa kumi na mbili jioni umwangalie makanga. Matatu haijasimama, makanga ananing'inia mlangoni, gari likipunguza mwendo anaweka mguu mmoja chini, anakokotwa kidogo, anakimbia pembeni yake huku mkono bado umeshika chuma, halafu ndio anaachia, na huyo keshapotea kwenye umati. Nyutrofili ni hivyohivyo. Mishipa ikitanuka damu inapunguza mwendo, seli nyeupe zinasogea pembeni, na ukuta wa mshipa karibu na jeraha unatoa protini za kunata zinazoitwa selektini. Zinaishika seli na kuiachia, zinaishika na kuiachia, kwa hivyo seli inabingirika ukutani polepole. Halafu protini nyingine, integrini, inashika kwelikweli na seli inasimama. Ikishasimama inajibana ipite kwenye mwanya kati ya seli mbili za ukuta, na kama umewahi kukutana na mkokoteni kwenye vichochoro vya Old Town unajua kujibana ni nini. Inajinyoosha nyembamba, kiini chake kimekatika mapande mapande matatu manne kama shanga zilizofungwa kwa uzi, na wengi wanasema umbo hilo ndilo linaloirahisishia kupenya.

Ikitoka nje inafuata harufu. Kweli sio pua, ni kemikali, lakini mtindo ni uleule wa mtu anayetoka msikitini akafuata moshi wa mishkaki bila kuuliza njia: mahali harufu imezidi ndiko anakoelekea. Bakteria wenyewe wanaacha vipande vya protini vinavyowasaliti, seli zilizoumia zinatoa zao, na nyutrofili za mwanzo nazo zinaita wenzake. Ndio maana usiku wa kwanza hali inazidi badala ya kupungua na mtu anaingiwa na hofu.

Mimi pia niliingiwa. Saa nane usiku nimekaa kitandani na mwili una homa kidogo, kwapani kwa kushoto mtoki umetoka kama kokwa ya embe dodo mbichi (natia chumvi, ilikuwa kama njegere kubwa). Mtoki ni tezi, kambi ya seli nyeupe za aina nyingine, limfosaiti, hizo si za mbio, zinaletewa habari kutoka kidoleni na zinaanza kujipanga kwa vita vya siku zijazo. Homa nayo ni seli hizihizi zinapeleka kemikali mpaka ubongoni zikapandishe kipimo cha joto. Nikameza panado mbili, nikakaa.

Na nilipokaa nikamkumbuka yule Mrusi.

Anaitwa Élie Metchnikoff. Mwaka 1882 alikuwa Messina, Sicily, mji wa pwani kama wetu, bandari, samaki, jua. Siku moja familia yake ikaenda kwenye sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo, yeye akabaki nyumbani na mikroskopu yake akitazama watoto wa kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), wale wachanga kabisa ambao mwili wao unapitisha mwanga kama kioo na ndani unaona seli zikitembea. Akapata wazo: kama hizi seli kazi yake ni kulinda mwili, basi nikimdunga mwiba zitakuja kuuzunguka. Akatoka bustanini akachuma miba ya waridi akawadunga wale watoto wa kiti cha pweza chini ya ngozi, halafu usiku kucha hakulala kwa hamu. Asubuhi akatazama. Seli zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote. Mnyama hana damu, hana mishipa, na bado askari wamekuja. Kabla ya hapo wanasayansi wengi walidhani seli nyeupe kuonekana na bakteria ndani yake ni dalili kwamba ndizo zinazowabeba na kuwasambaza mwilini, yeye akasema la, zinawala. Walibishana naye miaka. 1908 akapewa tuzo ya Nobel, yeye na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Basi mimi saa nane usiku Kibokoni na mwiba wa baharini kidoleni nikacheka peke yangu, nimekuwa kiti cha pweza.

Jumapili ncha ya kidole ikaanza kuwa laini na katikati pana doa la manjano. Kinatunga usaha. Bibi akakitazama akasema kama wanavyosema wote, "Hiyo ni damu chafu yatafuta njia. Wacha itoke." Na hapa ndipo mimi na Bibi tunapoachana njia, ingawa kwenye la kutokikamua hatukuachana, kwani alinionya mara mia, "Usikifinye, nakwambia usikifinye." Yuko sawa, ukikamua jipu ambalo halijaiva unawasukuma bakteria ndani zaidi na kuvunja boma ambalo mwili umejenga kulizunguka. Lakini hili la damu chafu limenichosha. Kila wiki kuna mama analeta mtoto mwenye majipu anataka "dawa ya kusafisha damu" na keshatumia pesa kwa mtu aliyemuuzia chupa ya maji ya kahawia. Usaha unatoka kwenye damu, ndiyo, ila unatoka kama askari wanavyotoka kambini. Ni nyutrofili zilizokufa, na bakteria waliokufa, na nyama iliyoyeyuka, na maji. Unaona kinyaa kutazama maiti za waliokupigania.

Jioni nilipita duka la dawa moja, sitalitaja, kijana akakitazama kidole kwa sekunde mbili akanikatia vidonge vinne vya antibaiotiki vya rangi mbili, ati asubuhi kimoja jioni kimoja kitakauka. Vinne! Na usaha ukishajikusanya mahali pamoja dawa hata ukimeza pakiti nzima inapenya kwa shida, kinachotakiwa ni kutoa njia. Nikamrudishia, tukanuniana.

Jumatatu kazini daktari wetu akanidunga ganzi, akapasua kidogo, na pamoja na usaha kikatoka kipande cha mwiba, hata milimita mbili hakifiki. Akanichoma na sindano ya pepopunda juu yake. Mimi kabla ya kufungwa bendeji nikaomba tone moja kwenye slaidi. Wenzangu wakanicheka. Nikalipaka jembamba, nikalipitisha juu ya moto, rangi ya zambarau dakika moja, iodini, spiriti, halafu rangi nyekundu, nikaosha, nikasubiri likauke, tone la mafuta, lenzi ya mia.

Zilikuwa zimejaa. Nyutrofili kila upande, viini vyekundu vya mapande mapande, nyingine nzima, nyingine zimepasuka hazina tena umbo, kama mwambao baada ya dhoruba. Na katikati ya ile nyekundu, viduara vidogo vya zambarau vimekaa vishada vishada kama zabibu. Hao ndio bakteria. Wachache walikuwa nje, wapweke. Wengi walikuwa ndani ya nyutrofili, wamemezwa. Nilihesabu moja ina kumi na mbili tumboni. Nyutrofili yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga mstari mmoja utahitaji kama 70 au 80 kufika milimita 1, na hiyo ndiyo iliyokula kumi na mbili.

Zinavyoua ndio kuzuri zaidi. Ikishammeza bakteria kwenye kifuko, inavuta oksijeni kwa fujo na kuigeuza kuwa kemikali kali, kisha kimeng'enya kimoja kinachoitwa mayeloperoksidesi kinatumia chumvi ya mwilini kutengeneza kitu ambacho ni ndugu wa karibu wa ile Jik unayofulia kanzu. Sio mfano, ni kemia ya familia moja. Na hicho kimeng'enya chenyewe kina rangi ya kijani, kwa hivyo ukiona usaha au makohozi ya kijani, ile rangi kwa sehemu kubwa ni silaha za askari wako. Kuna na mbinu ya mwisho iliyogunduliwa juzijuzi tu, 2004, na watafiti wa Berlin: nyutrofili ikielemewa inatupa nje DNA yake yenyewe iliyopakwa sumu, inatanda kama jarife, bakteria wananaswa humo.

Sasa silaha kama hizo hazichagui. Jik ikimwagika inachoma na kitambaa kizuri. Kidole changu kulainika vile, sehemu ni bakteria na sehemu ni vita yenyewe. Ndiyo maana kuna magonjwa ambapo madaktari wanatoa dawa za kuwatuliza askari, na hawakosei.

Hemogramu yangu siku hiyo: seli nyeupe 12.9, wakati kawaida ni kama 4 mpaka 11, nyutrofili asilimia 81. Uboho ulikuwa umefungua ghala. Ila tahadhari kwa mnaopenda kujisomea karatasi zenu: karibu nusu ya nyutrofili zilizomo kwenye mishipa muda wowote ziko zimejibandika ukutani, hazihesabiwi, na ukikimbilia feri pale Likoni kisha ukaja kutolewa damu unahema, zinabanduka na namba inapanda bila ugonjwa wowote.

Na kuna upande wa pili ambao unawasumbua watu wengi zaidi huku kwetu. Mara kwa mara nakutana na kijana mzima wa afya, karatasi inatoka nyutrofili zina herufi ile ya kuonyesha ziko chini, na yeye keshagugo usiku kucha akasoma saratani ya damu. Mara nyingi ni hivi: Waafrika wengi, na hasa sisi wa kusini mwa Sahara, tuna tofauti moja kwenye jeni ya kurithi inayoitwa Duffy, iliyotufaa zamani kwa sababu inazuia aina moja ya malaria, vivaksi, kuingia kwenye seli nyekundu. Jeni hiyohiyo inafanya nyutrofili zinazoelea kwenye damu ziwe chache kidogo. Mtu haugui zaidi kwa sababu hiyo, akiwahitaji askari wanakuja. Ila viwango vingi vilivyoandikwa kwenye mashine vilipimwa kwa watu wa asili ya Ulaya, basi mashine inatupigia kelele sisi kwa kuwa sisi. Daktari aangalie, ndiyo, asikupuuze, lakini usiandike wasia.

Anayenitia hofu mimi ni mtu ambaye kidole hakifuri. Ami yangu ana sukari miaka mingi. Alikanyaga msumari, akaona damu kidogo, haukuuma, haukuvimba sana, akafurahi, akasema mwili wangu mgumu. Haukuuma kwa sababu neva za miguu sukari ilikuwa imeshazila. Haukuvimba vya kutosha kwa sababu sukari ikiwa juu nyutrofili zinakuwa nzito, kubandika shida, kufuata harufu shida, kuua shida, na mishipa yenyewe myembamba haipitishi. Bakteria wakapata nyumba bila mwenye nyumba. Alipopelekwa hospitali vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekwenda. Tangu hapo kila nikimtembelea namwambia Ami vua viatu nione, anakasirika, anavua.

Mimi yangu ilikwenda vizuri. Baada ya siku moja mbili za mwanzo wanakuja wa zamu ya pili, monosaiti, wakifika kwenye nyama wanageuka makrofeji, wakubwa, wapole, walaji. Hawa ndio wanaosafisha: wanameza nyutrofili zilizokufa kabla hazijamwaga sumu zake ovyo, wanakula uchafu, halafu wanabadilisha amri, askari wasije tena, mafundi waje. Ukiwaona watu wa baraza wanavyofagia baada ya Maulidi utapata picha. Jumatano mtoki ukanywea. Ijumaa iliyofuata kidole kikaanza kubambuka ngozi, kavu, jeupe, chini yake ngozi mpya nyororo.

Slaidi nilikuwa nimeipiga picha kwa simu kupitia lenzi. Nikamwonyesha Bibi, akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hivi vyekundu ndivyo vyako?"

"Ndiyo Bibi. Hivyo ndivyo vilivyokufa. Ndio usaha wenyewe."

"Na hivi vidudu vyeusi?"

"Hao ndio walioingia na mwiba. Tazama, huyu kamezwa, huyu kamezwa, hawa wote wamemezwa."

Akanyamaza kidogo, akaikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha. "Mbona wengi hivi," akasema, "na kidole ni kimoja?" Halafu akanirudishia simu na kuniambia tafi wako kwenye beseni, na safari hii nizime hiyo simu kwanza.